Bei ya Nyumba Yenye Kaburi

Nilipokuwa kijana, kabla sijaoa, nilikuwa taniboi wa lori la vitunguu. Dereva wangu hakuamini breki, hata zikiwa mpya. Kila tukikaribia mteremko ananishusha nikimbie pembeni nimebeba gogo, ili lori likikataa kusimama nilitupe mbele ya tairi. Nimekimbia mimi na magogo, acheni tu. Siku moja tulipofika Chalinze gogo likafanya kazi yake vizuri mno. Lori lilisimama, springi ikakatika, magunia yakapasuka, vitunguu vikaviringika barabarani, na watu wa Chalinze wakatusaidia kuviokota, wakavipeleka kwao.

Tulikaa pale siku kumi na moja tukingoja springi. Dereva alikuwa na mke mdogo pale Chalinze, kwa hiyo hakuona haraka. Mimi sikuwa na mke mdogo wala mkubwa. Nililala chini ya lori, na asubuhi nikaenda kukaa karibu na mzee mmoja Mkwere aliyekuwa akijenga choo cha mgahawa. Siku ya kwanza nilimtazama tu. Siku ya pili akaniambia, "Kijana, macho hayakorogi udongo. Shika chepe." Nikashika chepe. Siku lori lilipopona dereva akapiga honi, mimi niko juu ya ukuta nashika kamba. Nikamwambia atangulie.

Basi yule mzee ndiye aliyenifundisha uashi. Shuleni niliishia darasa la tatu, tena la tatu lenyewe sikulimaliza, hayo nayasema wazi ili mtu asije akashangaa mwandiko. Alinifundisha kunyoosha kona kwa kamba na jiwe, na zaidi kupiga sakafu, kuipitisha saruji mwiko mpaka ing'ae kama kikombe. Alikuwa akisema fundi anajulikana kwenye ukingo: ukingo wa dirisha, wa kisima, wa kaburi. Niliporudi kwetu Zinga nilikuwa fundi kamili, na kwa kuwa watu hawajengi nyumba kila mwezi lakini kufa wanakufa, kazi yangu nyingi ikawa ya kujengea makaburi. Sasa nimefika nilipotaka kufika, ingawa nimezunguka kwa Chalinze.

Nyumba ninayokaa aliijenga baba. Ina vyumba vinne, ua mpana wenye minazi sita, na kisima chenye maji yasiyo na chumvi nyingi. Kutoka barabara kuu unashuka kuelekea baharini mwendo wa kumaliza sigara moja. Baba alipofariki warithi tulibaki wawili, mimi na mdogo wangu wa kike aliyekuwa ameolewa Pangani. Hatukugawana, kwa sababu tulikuwa tunapendana, na kwa sababu, nikisema kweli, aliyekuwa akikaa ndani ni mimi.

Kisha yakaja maneno ya bandari, kwamba itajengwa kubwa huku kwetu. Aliyekuwa huku siku zile anajua. Watu wa Dar walikuwa wakishuka kwenye magari na viatu vyeupe, wanakanyaga mihogo yetu, wanauliza mpaka uko wapi. Mtu akiuza kiwanja asubuhi, jioni anakilia, maana aliyekinunua ameshakiuza kwa bei mara mbili. Mimi nilitajiwa milioni themanini nikiwa nimevaa msuli, naosha miguu kisimani. Nikacheka. Nikasema mia na ishirini. Yule mtu akasema atakwenda kushauriana na wenzake, nami nikamaliza kuosha miguu.

Ikasemekana pia watakuja watu wa kuthamini mali, wataandika kila kitu, nyumba, mti, kisima na kaburi, na kila kilichoandikwa kitakuwa na fidia yake. Hapo kijiji kizima kilikuwa na kazi. Jirani yangu wa upande wa barabara alipanda miche ya mikorosho uani mpaka kuku wake wakawa wanapotea. Mwingine alichimba kisima cha pili, kikafika kiunoni, akachoka, akakifunika na bati ili kihesabiwe. Na mimi, fundi wa makaburi, nilifanya nini? Nilijenga kaburi.

Nililijenga mchana kweupe. Mke wangu ndiye aliyeniletea maji ya kukorogea. Nikawaambia wapita njia kwamba nalikarabati kaburi la bibi yetu mzaa baba, ambalo mvua zilikuwa zimelifuta. Bibi huyo kweli alikuwepo, lakini alifia bara kwa ndugu zake Wakwere na huko ndiko alikozikwa, baba alikwenda mwenyewe kumzika na kurudi. Hakuna aliyenibishia. Ukingo niliupiga vizuri sana, labda kuliko wote niliowahi kupiga, maana nilikuwa sina wafiwa wa kunihimiza.

Watu wa kuthamini walikuja, wakaandika, na mmoja wao akavua kofia mbele ya kaburi akaniambia pole. Nikaitikia nimeshapoa. Halafu siku zikaenda, miezi ikaenda, miaka. Tukawa tunasikia hili na lile, na lile likigombana na hili. Fidia haikunifikia na simlaumu mtu, kwa sababu nilitaka kulipwa kwa maiti nisiyekuwa naye.

Mume wa mdogo wangu akafariki, ndugu wa mume wakaichukua nyumba yao, naye akarudi kwetu na mabegi mawili na miguu inayovimba. Asubuhi ya kwanza alitoka uani akasimama. Akauliza, "Kaka, hili la nani?"

Nikasema, "La Bibi."

"Si alizikwa bara?"

"Alirudishwa," nikasema.

Neno moja tu, na lilitoka laini kama siagi. Akaanza kulia, akasema mbona sikumpelekea habari. Tangu siku hiyo kila Ijumaa analifagia kaburi, amelipandia mrehani pembeni, anakaa kwenye kigoda anasoma Yasini. Mimi nikisikia ile sauti yake huwa natafuta kazi ya kunitoa nyumbani.

Sasa ndani ya nyumba kuna mke wangu na kuna wifi yake, na jiko ni moja. Sitaki kusema nani mbaya, wote wawili ni wema wakiwa mbalimbali. Mke wangu alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika, "Wifi yangu anamfagilia maiti, sisi wazima tunakanyaga magamba ya samaki."

Mdogo wangu anajibu, "Maiti hana maneno, wifi."

"Maiti gani?" anasema mke wangu.

Hapo mimi nakohoa. Miaka mitatu nimekohoa mpaka mganga wa zahanati akaniuliza kama navuta bangi. Kila mke wangu alipofungua mdomo roho yangu ilikuwa juu, maana yeye ndiye shahidi wangu wa pekee, na shahidi akikasirika hana mwenyewe.

Mdogo wangu alichotaka ni mlango wake. Alipata vyumba viwili Dunda, kule mjini Bagamoyo, karibu na hospitali anakokwenda kwa ajili ya miguu, na kibaraza kinatazama njia, angeweza kukaanga vitumbua bila kuulizwa mafuta ya nani. Mwenye vyumba ni mama mmoja anayehamia kwa mwanawe, na alikubali kumngoja hadi Ramadhani. Alitaka milioni kumi na nne. Kwa sheria yetu ya mirathi mdogo wangu ana theluthi ya nyumba ya baba. Hesabu yake hata mtu wa darasa la tatu anaiweza: nyumba ikiuzwa arobaini na mbili kwenda juu, dada wa watu ana mlango. Ikishuka hapo, hana.

Utaniuliza, mbona usimwongezee kwenye fungu lako? Nimejiuliza sana, hasa wakati wa udhu, sijui kwa nini wakati wa udhu. Fungu langu lilikuwa la kununua kiwanja kidogo cha juu huko na kumjengea mke wangu, na kila nilipolipunguza kichwani nilipata nyumba isiyo na paa. Tena na tamaa ipo, siikatai. Mdomo wangu uliwahi kumwambia tutagawana sawa kwa sawa. Moyo ulikuwa umenyamaza.

Basi nikamwita dalali. Ni mtu mzima, ana pikipiki na simu tatu. Nikamwambia milioni themanini. Akafumba macho kama mtu anayesubiri chafya.

"Mzee," akasema, "ulipotoka huko barabarani ulihesabu vibao?"

"Vibao gani?"

"Vya viwanja vinauzwa. Kahesabu urudi."

Nilikwenda kweli. Nilifika kumi na tisa nikaacha. Niliporudi akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Wale waliokuja na viatu vyeupe hawakununua pa kulala, walinunua meli ambazo hazijafika. Wengine walichangishana, wengine walikopa, wengine walistaafu wakatia kiinua mgongo chote kwenye pori. Sasa wamechoka kungoja na wote wanataka kutoka siku moja kwa mlango mmoja. Juu yao kuna wanaouza viwanja vilivyopimwa, vyenye barabara na hati, unalipa kidogo kidogo. "Wewe una karatasi ya serikali ya kijiji na minazi sita," akasema. "Anza na sitini, mzee, na tumuombe Mungu."

Nikamuuliza kwa nini basi vyumba vya Dunda havishuki. Akasema Dunda watu wanapanga, chumba kinaleta kodi kila mwezi, bandari ije isije. Hapo niliona ninachouza kinaporomoka na anachotaka kununua mdogo wangu kimekaa palepale.

Tukaanza sitini. Walikuja watu. Mmoja alikula mchana kwetu, akasifu samaki, akaondoka. Mwingine alileta wake wawili wakapiga picha kwenye minazi. Nilikuja kugundua kwamba kila anayeletwa kuangalia humlipa dalali pesa ya kuzungushwa, anunue asinunue, kwa hiyo dalali wangu alikuwa na shamba la mavuno ya kila wiki, na shamba lenyewe ni mimi. Nilimwambia. Akacheka, "Sasa mzee, petroli nitie mate?"

Msikitini sote tulikuwa na msimamo. Tukitoka swala ya Ijumaa tunasimama pale wenye nyumba na wenye viwanja, kila mmoja anasema yeye hashuki, mwenye kushuka anatuua wote. Jirani wa mikorosho ndiye aliyesema kwa ukali zaidi. Jioni hiyohiyo dalali akaniambia jirani wa mikorosho ameshuka kumi. Sikukasirika, kwa sababu mimi nilikuwa nimempigia dalali kabla hata sijavua kanzu, nimeshuka tano. Ndivyo tulivyokuwa, tunashikana mikono mchana na kukatana bei kwa simu. Kutoka sitini nikawa hamsini na tano, kisha hamsini. Nikawa nikisikia pikipiki njiani nasimama, ikipita nakaa. Mdogo wangu hakuniuliza kitu. Aliuliza tu Ramadhani imebaki miezi mingapi, wakati kalenda iko ukutani kwake.

Lakini kwangu kulikuwa na jambo jingine ambalo majirani hawakuwa nalo. Wateja waliingia vyumbani, wakagonga kuta, wakaonja maji ya kisima, wakafurahi. Kisha wanageuka uani. "Na hili?" Nikishasema la bibi, wanasema Mungu amrehemu, na dakika hiyo nasikia gari linawashwa. Dalali akanipa habari wazi: "Mzee, hilo kaburi peke yake linakula milioni ishirini. Lihamishe. Watu wanahamisha. Unaita shehe, unapata kibali, unanunua sanda, mnakwenda kumsitiri kwingine."

Nikamwambia nitafikiri. Nilikuwa nafikiri kweli. Nilikuwa nafikiri shehe amesimama, majirani wamesimama, mdogo wangu ameshika sanda, na mimi nachimba, nachimba, nakutana na udongo wa kawaida na mizizi ya mnazi.

Yule mteja wa mwisho hakuletwa na dalali. Alielekezwa na fundi mwenzangu. Ni mtu wa mji mkongwe wa Bagamoyo, wa koo za biashara, anauza mabati, umri wake kama wa mwanangu wa kwanza. Alikuja amevaa kanzu, akanipa shikamoo kwa mikono miwili, akaniita ami. Alipitisha kiganja kwenye ukuta wa sebule akauliza nani alipiga lipu hii. Nikasema mimi. Akasema, "Siku hizi hatuwapati watu kama nyie," na nilijiona nimerefuka.

Tulikaa barazani, mimi na yeye. Mke wangu akaleta chai ya tangawizi akabaki mlangoni, mdogo wangu yuko kwenye mkeka. Mteja akasema, "Ami, mimi si mtu wa kuvutana. Arobaini na tano. Sipandi, sishuki."

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya mtandio. Kumi na tano ya kwake. Anabakiwa na moja ya kununulia kikaangio na unga. 

"Ila," akasema yule bwana, "pale uani pana mtu. Mimi namheshimu. Lakini mke wangu hawezi kuanika nguo mbele ya kaburi, na watoto watacheza wapi? Gharama za kumhamisha natoa mimi, zote, shehe, sanda, kibali. Nyinyi nipeni ridhaa tu."

Mdogo wangu alisema kutoka mkekani, "Bibi haguswi."

"Dada yangu, tutamhamisha kwa heshima."

"Heshima yake ni kuachwa alale. Samahani kaka yangu, pesa yako ni halali na umesema vizuri." Akanigeukia. "Kaka, mwambie hapana. Mimi nitabaki humu humu na wifi yangu, tutakanyagana. Siwezi kupata mlango kwa kumtoa Bibi kwenye wake."

Mke wangu alikuwa ameshika birika. Akalitua sakafuni. Nikakohoa. Safari hii hakunyamaza.

"Mwambie," akasema. "Mwambie mdogo wako sasa hivi, au nimwambie mimi."

Nikasema. Nilisema nikiwa natazama vikombe. Nilisema hamna mtu mle, ni saruji na udongo, nililijenga mimi wakati wa maneno ya bandari, na Bibi yuko bara alikozikwa na hakurudishwa kamwe.

Mdogo wangu aliutazama mrehani wake kule uani. Halafu akasema polepole, "Miaka mitatu, kaka. Yasini zangu zote zimekwenda wapi?"

Aliyemjibu ni mke wangu. Alikwenda akakaa naye kwenye mkeka, goti kwa goti, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu aje. "Zimemfika, wifi," akasema. "Dua haipotei njia."

Mimi, Mungu anisamehe, katikati ya hayo nilikuwa nafurahi. Niliona kizuizi kimeondoka. Nikamgeukia yule bwana nikamwambia, "Basi umesikia! Hamna wa kuhamisha. Nalivunja leo leo kwa nyundo yangu, gharama zako zibaki mfukoni."

Yeye hakuwa na furaha yoyote. Alikuwa ananitazama kama alivyoutazama ukuta, anatafuta ufa.

"Ami," akasema, "kabla sijaingia kwako nilisalimia kwa jirani, nikamuuliza bibi mmoja mtu mzima kuhusu kaburi alilonitajia fundi. Amenihadithia mazishi. Alihudhuria. Mvua ilinyesha, na wali wa matanga uliungua."

"Anasema uongo!"

"Huenda. Lakini na wewe uliwaambia wenye kuthamini kuna mtu, ukamwambia hivyo ndugu yako wa tumbo moja, leo unaniambia hakuna kwa sababu nimetaja arobaini na tano. Kesho tutaandikiana mauziano. Utaniambia mpaka uko wapi, utaniambia warithi ni wawili tu. Mimi nitashika lipi?"

"Tuchimbe sasa hivi uone."

"Nikikuta mtu, nimefanya dhambi. Nisipokuta, majirani wamekwisha niona navunja kaburi, na nitaishi nao vipi?"

Akamaliza chai yake, maana ni mtu aliyelelewa. Akamwambia mdogo wangu, "Pole, dada." Hakusema pole ya nini. Akavaa makubazi, akashuka uani, akapita kando ya kaburi kwa adabu bila kukanyaga ukingo.

Nikamfuata. Ramadhani ilikuwa imebaki miezi miwili na nyuma ya bwana huyu sikuwa na mteja mwingine. "Arobaini, ami yangu," nikamwita, mimi mzee namwita ami mtu aliye sawa na mwanangu. "Thelathini na nane." Alikuwa amefika kwenye uzio wa minyaa. "Thelathini na tano!" Nilikwisha pita pale ambapo mdogo wangu anapata vyumba vyake na sikujua nimepita saa ngapi, nikawa bado nashuka, thelathini na mbili, thelathini, naye anapanda njia ya barabarani kwa hatua zilezile, kanzu yake nyeupe, hakugeuka, akaingia kwenye gari lake akaondoka, na hajarudi tena.